Kurithi au Kuajiri: Tafakuri ya Mwanafunzi wa Fasihi Kuhusu Jedwali la Java

Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili aghalabu hudhani kwamba kazi yake huanza pale kazi ya tarakilishi inapokoma. Kwa mtazamo huo, tarakilishi ni chombo cha kuchapia tasnifu na kutafutia makala mtandaoni. Uhakiki wenyewe ni wa jicho, sikio na akili. Sina ugomvi na rai hiyo. Hata hivyo, tangu nianze utafiti wangu wa Shahada ya Uzamili nimesadiki kwamba upo msimbo ambao mhakiki hana budi kuusoma kwa makini yale yale anayousomea ubeti, kwa sababu hoja zake zimeegemezwa juu yake. Insha hii inasimulia jinsi programu moja ndogo ya kuhesabia maneno ilivyopangwa upya, na inatetea wazo moja: anayetaka kazi yake iendelezwe na wengine sharti aamue mapema milango ya kuingilia ataiacha wapi, na anayeirithi kazi sharti aitofautishe milango hiyo na nyufa.

Utafiti wangu unahusu msamiati wa safari katika tenzi za Kiswahili za karne ya 19, hususan zile za lahaja za kaskazini. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, ni mmojawapo. Swali linaloniongoza ni jepesi kulitamka na gumu kulijibu: njia inatajwa mara ngapi kama sitiari ya maisha, na mara ngapi kama njia ya kukanyagwa kwa miguu? Kabla ya kutenganisha sitiari na uhalisi, ni lazima nijue neno lenyewe limetokea mara ngapi na wapi. Hapo ndipo ugumu unapoanza. Neno tunaloliandika leo njia, mshairi wa Kiamu au wa Kimvita alilitamka ndia. Nchi kwake ni nti, na mchana ni mtana. Aidha, mhariri mmoja huanza kila mshororo kwa herufi kubwa ilhali mwingine hafanyi hivyo. Kwa tarakilishi, Ndia, ndia na njia ni maneno matatu yasiyojuana.

Idarani kwetu palikuwa na programu ya kuhesabia maneno iliyoachwa na mwanafunzi aliyetutangulia kwa miaka kadhaa. Iliandikwa kwa lugha ya Java, nayo ilikuwa fupi: kurasa tatu hivi za msimbo na maelezo machache. Nilipewa nakala pamoja na baraka za msimamizi wangu, kwa sharti moja. "Idadi yoyote utakayoiweka katika tasnifu," aliniambia, "uweze kunieleza imetoka wapi." Kwa hiyo, kabla ya kuitumia programu kwa tenzi zote, niliteua vipande vitatu vifupi, nikavihesabu kwa kalamu na karatasi, kisha nikaiendesha programu katika tarakilishi mbili: kuukuu ya maabara na mpya ya kwangu. Ile kuukuu ilikubaliana na kalamu. Ile mpya haikukubaliana na yeyote. Hapakuwa na onyo wala ujumbe wa hitilafu, na msimbo ulikuwa ule ule herufi kwa herufi. Kilichotofautiana ni toleo la Java lililomo ndani ya kila tarakilishi.

Ili kuelewa kilichotokea, ndugu msomaji, hatuna budi kuingia ndani ya klasi iitwayo HashMap. Java ilitangazwa mwaka 1995 na kampuni ya Sun Microsystems, ambayo mwaka 2010 ilinunuliwa na Oracle. HashMap iliingia katika toleo la 1.2 la mwaka 1998. Kazi yake ni kuhifadhi jozi: ufunguo na thamani. Kwetu sisi, ufunguo ni neno na thamani ni idadi yake. Badala ya kupekua orodha nzima tangu mwanzo, jedwali hili hulipa kila neno namba inayotokana na herufi zake. Namba hiyo naiita heshi, nayo huonyesha chumba ambamo neno litakaa.

Hesabu yake si ya kutisha. Kila herufi ina namba yake ndani ya tarakilishi. Namba ya herufi ya kwanza huzidishwa kwa 31 na kujumlishwa na ya pili. Jumla hiyo huzidishwa tena kwa 31 na kujumlishwa na ya tatu, hadi neno liishe. Herufi u ni 117 na a ni 97. Basi neno ua hupata 117 mara 31, kujumlisha 97, yaani 3724. Neno au hupata 3124. Jedwali huanza na vyumba 16, vyenye namba kuanzia 0 hadi 15. Ukigawa 3724 kwa 16 baki ni 12. Ukigawa 3124 baki ni 4. Kwa hiyo ua huenda chumba cha 12 na au chumba cha 4, ingawa herufi zao ni zile zile. Pengine maneno mawili hupangiwa chumba kimoja. Je na ni, kwa mfano, yote huangukia chumba cha 11. Hapo hukaa pamoja, na jedwali huyatambua kwa kuyalinganisha lenyewe kwa lenyewe. Wakazi wakipita 12, yaani robo tatu ya vyumba vyote, jedwali hujipanua hadi vyumba 32, kisha 64, na kuendelea. Tangu toleo la 8 la mwaka 2014, chumba kilichosongamana sana katika jedwali kubwa hupangwa kama mti badala ya mnyororo, ili kutafuta kusichukue muda mrefu.

Mambo hayo yote hufanyika ndani. Mtumiaji hukutana tu na amri chache: put ya kuweka jozi, get ya kutoa thamani, putAll ya kumwaga jedwali zima ndani ya jingine. Wahenga walinena kwamba nyumba njema si mlango, na katika kisa hiki mlango ulibaki vile vile ilhali ndani kulikuwa kumejengwa upya.

Mtangulizi wetu alihitaji jedwali lenye ujuzi wa aina mbili ambao HashMap haina: kusawazisha tahajia kabla ya kuhifadhi neno, na kujumlisha idadi badala ya kuifuta ya zamani. Java humruhusu mtu kuunda klasi inayorithi klasi nyingine. Mrithi hupata amri zote za mzazi bila kuziandika, kisha anaweza kuibatilisha yoyote na kuweka yake. Yeye alirithi HashMap, akaibatilisha put. Put yake iliigeuza Ndia au ndia kuwa njia, halafu ikaongeza idadi mpya juu ya ile iliyokuwapo. Kila utenzi ulihesabiwa katika jedwali dogo la kawaida, na mwishoni putAll ikalimwaga jedwali dogo ndani ya lile kubwa.

Hakuibatilisha putAll, na alikuwa na sababu. Katika toleo la 6 na la 7, putAll ya HashMap ilifanya kazi yake kwa kuiita put mara moja kwa kila jozi. Kila neno, kwa hivyo, lilipita katika mlango aliouweka. Toleo la 8 lilipoziandika upya sehemu za ndani, put na putAll zote zikawa zinaiita amri nyingine ya siri iitwayo putVal. Mlango wa mrithi ulibaki wazi, lakini maneno yaliyokuja kwa putAll hayakuupitia tena.

Tuchukue mfano. Tuseme ndia imetokea mara 7 katika utenzi wa kwanza, mara 4 katika wa pili na mara 2 katika wa tatu. Katika Java ya zamani programu hujibu: njia, 13. Katika Java mpya hujibu: ndia, 2, na njia haiorodheshi kabisa. Kila utenzi umefuta hesabu ya utenzi uliotangulia. Mtafiti asiye na karatasi ya kulinganishia angeandika sura nzima kuhusu uhaba wa taswira ya njia katika tenzi za kaskazini, na sura hiyo ingesomeka vizuri.

Mwenzangu mmoja wa Kitivo cha Sayansi alicheka nilipomwonyesha. "Ndugu yangu, ugonjwa huu ni wa siku nyingi," akasema. "Sisi huuita tatizo la mzazi tete. Mzazi akigeuka usingizini, mtoto huanguka kitandani." Nilimwuliza kama watunzi wa Java walivunja ahadi. Akanijibu, "Wewe ndiwe msomaji wa matini. Soma mkataba."

Nikausoma. Mkataba wa jumla wa majedwali haya, uitwao Map, unasema kwamba athari ya putAll ni sawa na ya kuiita put kwa kila jozi. Klasi ya AbstractMap inakwenda mbele zaidi na kueleza kwamba putAll yake huiita put. HashMap ni mtoto wa AbstractMap, lakini imejiandikia putAll yake yenyewe, na maelezo yake yanasema tu kwamba jozi zitanakiliwa na kuchukua nafasi ya zile za zamani. Kuhusu njia itakayotumika, imenyamaza. Sisi wa fasihi tunaujua uzito wa kile ambacho matini haikisemi. Hapakuwa na ahadi iliyovunjwa. Palikuwa na desturi iliyodhaniwa kuwa ahadi.

Isitoshe, mkataba unasema put huweka thamani mpya mahali pa ile ya zamani. Put ya mrithi wetu ilijumlisha. Mtu aliyelishika jedwali hilo akiamini kwamba ni HashMap angeweza kuweka 5 na kukuta 12. Mwanasayansi Barbara Liskov wa Marekani alilizungumzia jambo hili mwaka 1987: kitu cha aina ndogo kinapaswa kuweza kusimama mahali pa kile cha aina kuu bila kumvuruga anayekitegemea. Kwa kipimo hicho, jedwali letu lilikuwa mrithi kwa jina tu. Liliitaka nyumba ya mzazi, halikuutaka mwenendo wake.

Simlaumu mtangulizi wetu. Java yenyewe ina warithi wa namna hiyo, na wamo hadi leo. Klasi ya Stack, ambayo inapaswa kuwa rundo la kuchukuliwa kutoka juu pekee, ilirithi Vector. Matokeo yake ni kwamba mtu anaweza kuchomeka kitu katikati ya rundo. Klasi ya Properties ilikusudiwa kuhifadhi maneno matupu, lakini kwa kuwa ilirithi Hashtable, ilipata pia put inayopokea kitu chochote. Nyaraka zake zinamsihi mtumiaji asiitumie amri hiyo. Joshua Bloch, aliyeongoza usanifu wa majedwali ya Java, alishauri katika kitabu chake Effective Java cha mwaka 2001 kwamba ni bora kitu kimtumie kingine kwa kukiweka ndani yake kuliko kukirithi.

Je, kurithi HashMap ni mwiko? La hasha. Java ilipoongeza LinkedHashMap mwaka 2002, klasi inayokumbuka mpangilio ambao maneno yaliingia, iliifanya kuwa mrithi wa HashMap. Urithi huo umedumu kwa sababu uliandaliwa. Ndani ya HashMap ya leo mna amri tatu tupu, ambazo huitwa baada ya jozi kuguswa, kuingizwa au kuondolewa. Katika HashMap hazifanyi lolote. Zipo ili LinkedHashMap izijaze. Hata hivyo, zinafikiwa na jamaa wa kifurushi kimoja tu, yaani klasi zinazoishi pamoja na HashMap. Kwa sisi wageni, LinkedHashMap imeacha mlango mmoja uitwao removeEldestEntry, ambao humwuliza mrithi kama jozi kongwe kuliko zote iondolewe. Nyaraka zinaeleza mlango huo utabishwa lini na mrithi anaruhusiwa kufanya nini. Putall kuiita put hakukuwa mlango wa aina hiyo. Ulikuwa ufa, na mtu akiweza kupenya ufani haimaanishi kwamba mwenye nyumba hatauziba.

Ndipo tukaamua kuipanga upya programu. Kwa waandishi wa programu, kupanga upya ni kubadilisha muundo wa ndani wa msimbo bila kubadilisha kazi unayoonekana kuifanya. Ni nidhamu iliyoenezwa na kitabu cha Martin Fowler cha mwaka 1999. Tulikwenda hatua kwa hatua.

Mosi, hesabu zangu za kalamu tuliziandika kama majaribio. Kila tulipogusa mstari, majaribio yaliendeshwa katika tarakilishi zote mbili. Bila kipimo hicho tungekuwa tunahamisha samani gizani.

Pili, kazi ya kusawazisha tahajia tuliitoa ndani ya put na kuipa makao yake. Tuliandika mkataba mfupi tuliouita Kisawazishi, wenye amri moja tu: pokea neno, rudisha neno. Kisawazishi cha utafiti wangu hugeuza herufi kubwa kuwa ndogo, na ndia kuwa njia.

Tatu, tuliuondoa urithi. Klasi mpya, Kihesabio, hairithi HashMap, inaiajiri. Jedwali limo ndani yake, limefichwa, na aliye nje hawezi kulifikia. Kihesabio kina amri tatu: ongeza, idadi na unganisha. Unganisha huchukua jozi mojamoja na kuipitisha katika ongeza. Njia hiyo sasa ni yetu, tumeiandika wenyewe, na hakuna toleo la Java litakaloihamisha.

Nne, jedwali la ndani huchaguliwa wakati Kihesabio kinapoundwa. Ukitaka kasi, unakipa HashMap. Ukitaka orodha ya kialfabeti, unakipa TreeMap. Ukitaka maneno yafuatane jinsi yalivyotokea katika utenzi, unakipa LinkedHashMap. Kihesabio hakiulizi aliyeajiriwa anafanyaje kazi yake, mradi aufuate mkataba wa Map.

Gharama ipo. Mrithi hupata amri zote bure, ilhali mwajiri huandika mwenyewe kila amri anayotaka kuitoa nje. Kurasa zetu tatu zikawa nne. Lakini mlango usiouandika ni mlango usiopaswa kuulinda.

Wakati wa kazi hiyo nilikumbuka masomo yetu ya mofolojia. Kitenzi cha Kiswahili kinapanuka kwa namna ambayo msanifu yeyote wa programu angeionea wivu. Mzizi hukaa mahali pake. Mbele yake kuna nafasi ya nafsi, ya wakati na ya mtendwa. Nyuma yake kuna nafasi ya mnyambuliko na ya kiishio. Kitenzi safiri kilitujia kutoka Kiarabu, kikapewa nafasi hizo hizo, nasi tukapata safirisha na safirishwa bila kumwomba mtu ruhusa. Utasema kwamba kiambishi hakijitegemei kikamilifu, kwa kuwa tunasema pigia lakini somea. Ni kweli, na hapo ndipo mfano unaponoga. Kiambishi cha kutendea kinahitaji kujua jambo moja kuhusu mzizi, yaani irabu yake, na jambo hilo linasikika na kila mtu. Hakihitaji kujua mzizi ulitoka wapi wala ulitungwaje. Kinategemea kilicho hadharani.

Faida ambayo sikuitarajia ilijitokeza baadaye. Mwanafunzi mwenzangu anayetafiti lahaja alitaka kuitumia programu, lakini kwake ndia haipaswi kugeuzwa njia, kwa maana tofauti hiyo ndiyo anayoitafuta. Akaandika kisawazishi chake kinachopunguza herufi kubwa pekee. Hakugusa mstari hata mmoja wa Kihesabio. Mazungumzo yetu yakatuonyesha kitu kizito zaidi. Programu ya zamani ilikuwa imeamua, ndani kabisa ya put, kwamba Kiamu kisomwe kama Kiswahili sanifu. Huo ni uamuzi wa kihakiki, na ulikuwa umefichwa mahali ambapo hakuna mhakiki angeutafuta. Chukua neno ndoo. Katika usanifu ni chombo cha kutekea maji; katika Kiamu ni njoo. Kisawazishi kinachoigeuza kila ndoo kuwa njoo kimeshafasiri beti kabla hatujazisoma. Sasa uamuzi huo una jina, una ukurasa wake, na unaweza kujadiliwa katika semina kama tafsiri nyingine yoyote.

Kwa sababu hiyo nawahimiza wanachama wenzangu wasiipokee programu kama wanavyopokea mashine ya kutoa nakala. Anayetumia hesabu za tarakilishi ana wajibu wa kuuliza maswali ambayo tayari tumefunzwa kuuliza kuhusu matini: nani anazungumza, ameahidi nini, na amenyamazia nini. Kujifunza kusoma Java kiasi hicho hakunihitaji shahada nyingine. Kulihitaji miezi michache, subira, na rafiki wa kitivo cha pili asiyechoka kuulizwa.

Programu imo katika tarakilishi ya maabara. Amri zake zina majina ya Kiswahili. Pamoja nayo tumeacha ukurasa mmoja wa maelezo wenye safu mbili: yale ambayo Kihesabio kinaahidi, na yale ambayo hakiahidi. Safu ya pili ni ndefu kuliko ya kwanza. Jina la mtangulizi wetu lipo juu ya ukurasa huo, kwa kuwa bila kurasa zake tatu tusingekuwa na cha kupanga upya. Atakayekuja na tenzi za Kitikuu au mashairi ya Kimvita atakuta mlango mmoja umeachwa kwa ajili yake, nao ni Kisawazishi. Aingie kwa hapo.